Mashina Arobaini kwa Ekari

1

Siku ya thelathini na moja baada ya kupandikiza, mpunga wa Bloku ya Tisa ulikuwa umegeuka rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Subilaga Mwakalobo aliingia ndani ya jaruba, maji yakimfika juu ya vifundo vya miguu, akang'oa shina moja, akalisuuza tope, akakata kipande cha mzizi na kukitumbukiza kwenye kichupa cha kupimia. Mzizi ukiwa unatoa amonia, maji ya kichupa hugeuka buluu kabla mtu hajahesabu mia. Subilaga alihesabu mpaka mia tatu. Maji yalibaki vilevile. Hicho kilikuwa kichupa cha kumi na nne tangu asubuhi, na vyote vilimpa jibu moja.

Juu ya tuta alisimama Ambilikile Sanga, mwenyekiti wa bloku, mtu mrefu asiye na maneno mengi, mwenye ekari tatu na wajukuu watano aliokuwa akiwalea mwenyewe. Alingoja Subilaga apande tutani, ndipo akamweleza kwamba watu wake wamefuata kila walichoambiwa. Mbegu waliziogesha kwenye togwa ya kituo usiku kucha, kivulini, kwa maji ya mfereji. Miche waliipandikiza kwa wakati. Zamu za maji hawakuzikosa. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakifanya hivyo hivyo na mpunga ukakubali.

"Basi niwaambie nini watu, Daktari?"

Subilaga alimjibu kwamba bado anapima. Ndilo jibu alilompa wiki iliyopita, na alilichukia hata kabla halijamtoka mdomoni.

Togwa ndilo jina ambalo wakulima wa Igalako walikipa kile kimiminika cha rangi ya udongo kilichotoka kwenye matangi ya kituo cha skimu kila msimu, kwa sababu kilifanana na togwa na kilinuka uchachu kama togwa. Ndani yake walikuwamo walishi. Kabla ya walishi kulikuwa na urea, na urea ilikoma kuingia nchini Subilaga akiwa bado chuoni, baada ya visima vya gesi vilivyoitengenezea kufungwa kimoja baada ya kingine. Misimu miwili iliyofuata watu wa Usangu hawapendi kuikumbuka. Mpunga ulisimama majini ukiwa na njaa, na juu yake hewa imejaa naitrojeni, karibu sehemu nne katika tano, chakula tele ambacho mmea hauna kinywa cha kukila. Walishi ndio waliokuwa kinywa hicho. Walikuwa bakteria waliobadilishwa maabara wakaweza kuishi ndani kabisa ya mzizi wa mpunga. Mpunga uliwapa sukari, wao wakainasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia, wakaumwagia mpunga. Ekari elfu mbili na mia sita za Skimu ya Igalako zilikuwa zikiishi kwa mapatano hayo.

Sasa mapatano yalikuwa yamevunjika, na Subilaga, aliyekuwa mkuu wa maabara, hakujua nani kayavunja.

2

Alitarajia kukuta mizizi mitupu. Alipoiweka chini ya hadubini aliikuta imejaa. Walishi walikuwamo kwa maelfu, wanene, wenye afya kuliko alivyowahi kuwaona. Sukari ya mpunga walikuwa wanaila. Amonia hawakuwa wanatoa hata chembe.

Alizisoma jeni zao bila kula, na alasiri akakiona chanzo. Kipande kidogo cha jeni, kile kinachowasha kazi ya kunasa naitrojeni, kilikuwa kimekatika. Hakuna aliyekikata. Kunasa naitrojeni ni kazi nzito, inayokula karibu nusu ya nguvu za mlishi. Katika mamilioni ya walishi akizaliwa mmoja mwenye hitilafu, asiyeweza kufanya kazi hiyo lakini bado anaijua njia ya kuingia kwenye mzizi, huyo anakula bila kutoka jasho. Ananenepa. Anazaa haraka kuliko wenzake. Watoto wake wanazaliwa wavivu kama yeye, na baada ya vizazi vya kutosha wafanyakazi wamesukumwa nje na mpunga unalisha wageni wasiolipa fadhila. Katika daftari lake Subilaga aliwaita walaji.

Akarudi kwenye jokofu zilikohifadhiwa sampuli za kila mwezi, akazipima kuanzia za karibuni kwenda za nyuma. Walaji walikuwa wameanzia kwenye Tangi Namba Mbili, Machi ya mwaka uliopita, kisha wakaenea matangi yote. Alipoiona tarehe ile alivua miwani.

Kila miezi mitatu togwa ilitakiwa kuchujwa upya. Waliipitisha kwenye mpunga hai, wakachagua miche iliyostawi kupita yote, wakawatoa walishi waliomo humo na kuanzisha nao tangi jipya. Mvivu hapiti kwenye chujio hilo, kwa sababu mche wake haustawi. Lakini uchujaji ulichukua siku arobaini, na mwaka ule bloku tatu mpya zilikuwa zinafunguliwa na togwa ilihitajika haraka. Mkurugenzi wa kituo, Kihwele, alimwomba auruke uchujaji mara moja tu. Ikawa mara moja, kisha mara nne. Ruhusa zote nne zilikuwa na sahihi ya Subilaga Mwakalobo.

Alimpelekea Kihwele matokeo siku ileile. Kihwele hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Subilaga kila alipomfikiria. Kituo kile alikianzisha kwenye ghala la zamani la pamba, akakaa humo na matangi yake ya kwanza akila mihogo, na katika mwaka wa pili wa njaa aliwagawia watu togwa kwa mikono yake mwenyewe. Alisoma karatasi zote. Akafunga mlango. Kisha akamwambia aandike kwamba wakulima waliogesha mbegu kwenye maji ya moto wakawaua walishi.

Subilaga alimuuliza iliwezekanaje kaya zote za ekari elfu mbili na mia sita ziwe zimechemsha maji msimu mmoja. Kihwele akamwambia atafute dawa kwanza, maneno yatatafutwa baadaye.

Dawa ya kawaida ilikuwa kuosha matangi na kukuza walishi wapya. Hiyo ilitaka siku sabini. Mpunga haukuwa na siku sabini. Unapochipua, mpunga hutoa mizizi mipya mfululizo, na kila mzizi mpya ni nyumba tupu: bakteria anayetangulia kuingia ndiye anayeimiliki. Baada ya siku ya arobaini na tano mmea huacha kuotesha mizizi na kuanza kubeba mimba ya suke. Nyumba zikiisha kujaa walaji, hakuna tena pa kumweka mfanyakazi. Zilibaki siku kumi na nne kupata walishi hai, wazima, wengi wa kutosha skimu nzima, katika nchi ambayo kila mkulima aliogesha mbegu zake kwenye tangi lilelile.

3

Aliamua kutafuta shamba lililosalimika. Hakuwa na sababu ya kuamini lipo, ila kukaa ofisini kulimchosha kuliko kutembea. Kwa siku tatu alipita majaruba sitini na moja na vichupa vyake, akavuka mabanio ya kuzuia maji na matuta, na kila mahali watu walitoka kumuuliza swali la Ambilikile naye akawajibu jibu lake. Jioni alikuwa akirudi amekasirika, hajui amemkasirikia nani.

Siku ya thelathini na nne, mwisho kabisa wa Bloku ya Pili, nyuma ya mfereji wa kutolea maji machafu, aliona kijani. Ilikuwa ekari moja na kitu, na majani yake yalikuwa meusi kwa kijani, yamesimama wima. Aling'oa shina ukingoni bila kuomba ruhusa. Kichupa kikageuka buluu kabla hajafika arobaini.

Furaha yake haikumaliza dakika. Shamba lile alilijua.

Miaka miwili nyuma aliandikiwa taarifa kwamba mwanamke mmoja, Atuganile Mbwilo, anajitengenezea togwa yake kienyeji na amekataa ya kituo. Subilaga alikuja, akaona pipa la plastiki lenye maji meusi na mizizi iliyopondwa, akaandika kwamba togwa isiyo na kibali ni hatari kwa skimu nzima. Aliandika kwa nia njema. Kwa taarifa hiyo Mama Mbwilo alifutiwa zamu ya maji. Misimu miwili hakuvuna kitu. Msimu huu alikuwa amelima tena, kwa maji aliyoyavuta kwa mashine ya mguu kutoka kwenye ule mfereji wa maji machafu, yeye na dada yake, wakipokezana toka alfajiri hadi jua kali.

Alimkuta anapalilia. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyefanya kazi ya mashine ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufunga na huu mfereji?"

Subilaga alisema hapana, amekuja kuuliza. Mama Mbwilo hakumkaribisha kukaa, lakini alijibu alichoulizwa, pengine kwa kuwa katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Walishi wake ni walewale wa kituo, wa mwaka wa kwanza kabisa, aliopewa na Kihwele mwenyewe. Ila tangu hapo hakurudi tangini. Kila msimu, mpunga ukikaribia kukomaa, anatembea shamba zima akitafuta mashina yaliyolishwa vizuri kupita yote, anayafunga nyuzi, na baada ya kuvuna anaing'oa mizizi yake na kuitunza kwenye tope la mtungini. Mbegu za msimu mpya anaziogesha humo.

"Shina likinenepa, basi aliyemo ndani anafanya kazi," alisema. "Likikonda, wa nini? Mnanunua ng'ombe mnaangalia maziwa, mkifika kwa hawa wadudu mnaangalia kibali."

Kile alichokiruka mara nne kwenye kituo chenye mitambo na umeme, mwanamke huyu alikifanya misimu kumi kwa nyuzi za gunia.

Alipiga hesabu akiwa njiani kurudi. Mizizi ya mashina arobaini, ikisagwa na kumwagwa kwenye maji ya jaruba, ingetosha kuingiza walishi wazima kwenye mizizi mipya ya ekari moja. Ekari elfu mbili na mia sita zilitaka mashina laki moja na elfu nne. Shamba la Mama Mbwilo lilikuwa na kama laki moja na elfu kumi. Lingetosha, na lisingebaki kitu.

4

Kesho yake asubuhi Kihwele alimsikiliza amesimama. Subilaga alipomaliza, mkurugenzi akakaa, akavuta karatasi na kuanza kuandika, na kwa muda mfupi Subilaga alidhani mambo yamekwisha.

Kanuni, Kihwele alimweleza, haziruhusu kuingiza togwa isiyo na kibali kwenye maji ya skimu. Wala haziruhusu kung'oa shamba la mtu kwa sababu ni zima. Shamba linalong'olewa kwa amri ni shamba lenye ugonjwa. Basi shamba la Mbwilo litatangazwa kuwa ndilo chanzo cha ugonjwa. Kesho asubuhi askari wa skimu watakwenda na malori mawili, mashina yataletwa kituoni kwa uteketezaji, na badala ya kuteketezwa yatasagwa na kumwagwa kwenye mfereji mkuu kama dawa ya kituo. Kufikia siku ya arobaini kila bloku itakuwa imepata. Kilichohitajika ni hati yenye sahihi ya mkuu wa maabara.

Subilaga aliuliza Mama Mbwilo atakuwaje. Kihwele akasema kanuni ziko wazi: miaka mitano bila kulima, na udongo wake utamwagiwa sumu. Alilisema hilo akitazama dirishani. Kisha akamgeukia na kuongea kwa upole, na upole huo ulimuumiza Subilaga kuliko ukali.

"Mama mmoja, Subilaga. Upande mwingine kuna kaya elfu moja na mia tano. Wewe uliiona njaa ile kama mimi. Niambie ni nani kati yao utamwambia kwamba uliona aibu kutia sahihi."

Alimuuliza kwa nini wasiende kumwomba tu, waseme ukweli, watumie mitambo ya kituo. Kihwele alitikisa kichwa. Wakisema ukweli kituo kitafungwa siku hiyohiyo na wakaguzi wa makao makuu, mitambo itatiwa lakiri, na mpunga utakufa wakati wao wanahojiwa. Subilaga alijua hilo lingewezekana kabisa. Ndiyo maana hakuweza kumkasirikia Kihwele kama alivyotaka. Kila neno lake lilikuwa na ukweli ndani yake, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Aliomba apewe hati akaisome nyumbani. Akapewa. Hakwenda nyumbani.

5

Mama Mbwilo aliisoma hati ile amesimama kwenye maji, polepole, akifuata mistari kwa kidole chenye tope. Dada yake alikuwa juu ya mashine ya mguu, akakanyaga, akatazama, akaacha kukanyaga.

Subilaga alimweleza yote: tangi, uchujaji aliouruka, ruhusa nne, sahihi zake, uongo wa maji ya moto aliotakiwa auandike, na taarifa ya miaka miwili iliyopita ambayo sasa alijua ilikuwa upuuzi. Alimweleza pia hesabu ya mashina. Hakuficha kwamba hati ile ndiyo njia ya haraka zaidi.

"Ungekuja jana ukaniomba, ningekupa," Mama Mbwilo alisema hatimaye. "Jana ulipokuja kuuliza habari za nyuzi, nilitaka nikuambie chukua. Leo umeniletea karatasi."

"Sijaitia sahihi, mama."

"Lakini umekuja nayo."

Alimrudishia. Akaenda tutani, akakaa, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Subilaga alingoja amesimama. Alifikiri juu ya Ambilikile na wajukuu wake watano, na siku ya thelathini na tano iliyokuwa inakatika huku watu watatu wakitazama maji, na alitamani kumshika yule mama mabega na kumtikisa. Wakati uleule alijua hana haki hata ya kumharakisha.

Mama Mbwilo alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga kazi. Mashina yake kituo hakipewi. Anayeyataka aje mwenyewe kwa miguu yake, aombe, na atapewa arobaini kwa ekari. Atayang'oa kwa mkono wake mbele ya macho ya Mama Mbwilo mwenyewe, na kabla hajaondoka atafundishwa kuchagua, ili msimu ujao asirudi kwenye tangi la mtu. Yeye mama ataacha mistari miwili ya mbegu. Mengine yote yaende.

"Na wewe utasimama pale," akaonyesha kona ya shamba. "Kila anayekuja utamwambia ulivyoniambia mimi. Mmoja mmoja. Mimi sitaki waje wanishukuru huku wanadhani ni maji ya moto."

Subilaga alimweleza kwamba kwa njia hiyo itachukua siku sita au saba, na bloku za mbali zinaweza zisiwahi. Mama Mbwilo akamuuliza kama kuna njia nyingine ambayo haihitaji yeye aitwe mchawi wa mpunga. Subilaga alifikiri kwa bidii, kwa uaminifu, akasema hakuna aijuayo.

Akaichana hati. Haikumpa nafuu yoyote.

6

Wenyeviti wa bloku waliarifiwa kwa simu jioni ile, na asubuhi watu wa Bloku ya Pili na ya Tatu walikuwa wamejaa tutani na magunia yaliyoloweshwa. Subilaga alisimama konani. Kwa kila aliyefika alisema sentensi zilezile: ugonjwa umetoka kwenye tangi letu, hamkukosea ninyi, aliyetia sahihi ni mimi. Wengine waliitikia tu, wakiwa na haraka ya kuingia jarubani. Mzee mmoja alimwomba arudie kwa sababu hakuamini masikio yake, aliporudia akamtemea mate miguuni. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimuuliza, bila hasira, kama alikuwa anakula wali wa shamba gani siku alipokuwa anatia sahihi. Kufikia alasiri sauti ilikuwa imemkauka, na maneno aliyodhani yatakuwa mepesi kwa kurudiwa yalikuwa yamezidi kuwa mazito.

Nyuma yake Mama Mbwilo aliwafundisha watu kutazama shina. Aliwakemea walioshika hovyo. Kijani kilikuwa kinapungua kutoka upande wa mashariki kama nguo inayofumuliwa.

Malori ya kituo yalikuja siku ya thelathini na sita kama yalivyopangwa, askari sita ndani, na yakakuta watu mia nne. Mkuu wa askari, kijana wa hapohapo Igalako ambaye mama yake alikuwa kwenye foleni, aliuliza iko wapi hati. Hapakuwa na hati. Akageuza malori.

Kihwele hakuwa na jeshi, lakini ufunguo wa banio kuu ulikuwa kwake. Mchana ule alifunga mfereji mkuu, akatangaza kwamba togwa isiyo na kibali haitaingia kwenye maji ya skimu mpaka makao makuu yaseme. Bila maji yanayotembea mizizi iliyosagwa haikwenda popote. Ilikaukia kwenye matope. Subilaga alipiga simu mkoani, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa ipitie kwa mkurugenzi wake. Alipanda pikipiki hadi wilayani, akamkuta afisa yuko mkutanoni, akamngoja saa tano kwenye benchi, na afisa alipotoka akamweleza kwamba suala hilo ni la kitaalamu mno kwake. Siku mbili zilipita hivyo. Siku ya tatu wakulima wa Bloku ya Nne walilivunja kufuli la banio kwa nyundo, maji yakashuka.

Maji ya skimu hufika bloku kwa zamu, ya kwanza hadi ya mwisho, mfereji uliokauka huchelewa kujaa, na Bloku ya Tisa ndiyo ya mwisho. Ambilikile alikuwa amekwisha kuchukua mashina ya watu wake siku ya thelathini na nane, akitembea kilomita kumi na nane na wenzake, magunia kichwani. Aliyatunza kivulini, akiyamwagia maji ya kunywa. Aliyasaga siku mfereji wake ulipojaa. Ilikuwa siku ya arobaini na saba.

7

Tume ilikaa ukumbi wa shule, mwezi mmoja baada ya mavuno. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa makao makuu mwenye sauti tulivu, aliyesoma kila karatasi kabla ya kuja. Kihwele alikuwa amekwisha kuhojiwa, na alikiri zaidi ya watu walivyotegemea. Alisema alifunga banio kwa hofu. Subilaga alikuwa hana kazi tangu siku ya arobaini, na zile wiki alikuwa akishinda kwa Mama Mbwilo, akimsaidia kukanyaga mashine kwenye ile mistari miwili. Hawakuwa wanaongea sana. Mama yule hakuwahi kusema amemsamehe, na Subilaga hakuwahi kuuliza.

Mwenyekiti alisoma matokeo kwa sauti. Bloku nane zilivuna, nyingine theluthi mbili ya kawaida, nyingine karibu yote. Bloku ya Tisa, ekari mia tatu na kumi, masuke yalitoka meupe, matupu. Kaya mia moja na themanini zilikuwa zinaishi kwa mchele wa jirani.

Watu wa Bloku ya Tisa walikuwa wamekaa safu za nyuma. Ambilikile alikuwa kati yao, kofia magotini.

Wakili wa kituo aliomba kuuliza swali moja. Alitaka kujua kama mpango wa mkurugenzi, ule wa hati na malori, ungetekelezwa siku ya thelathini na sita, mizizi ingefika Bloku ya Tisa siku gani.

Subilaga aliyajua majibu yote aliyoweza kutoa. Angeweza kusema hakuna mwenye uhakika na maji. Angeweza kusema banio lililofungwa ndilo lililoiua Bloku ya Tisa, na hilo lingekuwa kweli. Angeweza kusema kwamba mistari miwili iliyobaki, pamoja na watu elfu moja na mia tano wanaojua sasa kuchagua shina, ni kitu ambacho sumu ya kwenye ile hati ingekifuta kabisa. Hayo yote alikuwa amejiambia mara nyingi akiwa juu ya mashine.

"Siku ya arobaini," alisema.

"Na ingepona?"

"Ingepona."

Karani aliandika. Wakili akashukuru, akakaa. Mama Mbwilo, aliyekuwa upande wa mashahidi, alimtazama Subilaga mara moja, kisha akatazama mikono yake.

Safu za nyuma benchi lilisogezwa. Ambilikile alisimama, akavaa kofia, akatoka nje taratibu bila kugeuka, na mmoja mmoja watu wa bloku yake wakaanza kumfuata. Subilaga aliinuka nusu kwenye kiti. Mwenyekiti akamwambia kwa upole akae, bado kulikuwa na maswali.

Akakaa.